Gari la rimoti kwenye mchanga wa Mtwara: kurekebisha na kutunza gia, difu na shafti

Mpwa wangu aliingia uani kalibeba gari lake kichwa chini, kama mtu aliyeshika samaki mkiani. "Shikamoo mjomba. Hili linalia halafu haliendi." Nikamwambia aliweke chini abonyeze triga polepole. Likasogea hatua mbili, mota ikapiga ukelele, magurudumu yakatulia tuli. Nilipofungua kifuniko nikakuta gia kubwa ya plastiki imenyolewa upande mmoja, meno kumi hivi hayapo, umebaki unga mweupe ndani ya chasisi. Skrubu mbili zinazoshika mota zilikuwa zinacheza kwa kidole.

Skrubu mbili tu. Na ilikuwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya kusini imekatika kule Somanga, kwa hiyo gia tuliyoagiza Dar ilikaa huko ikisubiri mabasi yaanze kupita. Mtoto alimaliza likizo akiwa anaangalia gari kabatini.

Haya ninayoandika ni kwa gari la umeme la ukubwa wa 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, ambalo ndilo wengi tunalo, liwe linavuta kwa magurudumu ya nyuma au yote manne. Mwenye 1/8 atapata mengi ya kumfaa pia. Huku kwetu spidi haiui gari. Mchanga na chumvi ndivyo vinavyoua, na mara nyingi gari huwa limeshasema kabla halijafa, ila mwenye gari alikuwa anashangilia.

Kabla ya kugusa kitu

Chomoa betri. Usizime swichi tu, chomoa kabisa. Mota ya gari hili ikishtuka wakati kidole kiko kati ya gia, kucha inaondoka, na sisemi kwa kusikia.

Tandika shuka jeupe au mfuko wa saruji uliogeuzwa ndani nje, ili kipini kikidondoka ukione. Tafuta trei tupu ya mayai. Kila kundi la skrubu lipate shimo lake, kwa mpangilio uleule unaofungua, na wakati wa kufunga urudi kinyume. Skrubu ndefu ikiingia mahali pa fupi hutoboa plastiki au hugusa gia iliyo ndani, na utatafuta chanzo cha mlio siku nzima.

Vifaa ni vichache. Spana L za milimita 1.5, 2 na 2.5 zenye ncha ambazo hazijaviringika. Ya 1.5 ndiyo ya skrubu ndogo isiyo na kichwa inayobana pinioni kwenye mota, na ndiyo inayoliwa kwanza, kwa hiyo usinunue ya bei ya kutupa. Spana ya 7 ya nati za magurudumu. Brashi ya rangi ya inchi moja, mswaki wa zamani, sindano, kikopo cha petroli kidogo, mafuta ya cherehani, grisi, na gundi ya bluu ya kuzuia skrubu isilegee. Nyekundu iache kwa mafundi wa magari makubwa, maana hiyo mpaka uipashe moto ndipo ifunguke.

Nguvu inapita wapi

Mota ina gia ndogo, pinioni, kwenye ncha yake. Pinioni inazungusha gia kubwa. Kwenye magari mengi gia kubwa imebanwa na klachi ya kuteleza, kisha nguvu inaingia kwenye difu, yaani kasha la gia linalogawa nguvu pande mbili. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lina propela, shafti ndefu ya katikati, na difu mbili, pengine tatu. Kutoka kwenye difu kuna vikombe viwili, humo ndimo zinaingia shafti za pembeni, na mwisho kabisa kuna kipini na heksi, kipande cha pembe sita kinachoshika rimu, ya milimita 12 kwa 1/10, 17 kwa 1/8. Ukifuata mstari huo kwa kidole kuanzia mota hadi tairi, hakuna ugonjwa utakaokupita.

Hatua ya kwanza: sikiliza na sukasuka

Gari likiwa halina betri, liinue, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Sauti nzuri ni mnong'ono wa gia usiobadilika. Ukisikia "ka-ka-ka" inayorudi kila mzunguko, kuna jino lililovunjika au kokoto imekwama kwenye jino. Ukisikia mkwaruzo kama wa kusaga mahindi mabichi, beringi ina mchanga. Ikizunguka vizuri halafu inakaza sehemu moja kisha inaachia, gia imepinda au mshikano wa gia mbili umebanwa mno.

Sasa shika tairi juu na chini, lisukesuke. Likicheza, beringi za hapo zimelegea au zimekwisha. Vuta shafti kuelekea nje na ndani. Kuteleza kidogo ni kawaida, lakini isitoke kwenye kikombe. Kwa gari lenye difu za gia, zungusha gurudumu moja la nyuma huku gia kubwa imeshikwa: la upande wa pili lizunguke kinyume, kwa ulaini. Likienda bila ukinzani wowote, kama limepakwa maji, oili ya difu imevuja yote.

Dakika tano hizo fanya kila baada ya kuendesha. Yanayofuata ni ya pale ulipopata kasoro, au kila baada ya mizunguko kumi na tano ya betri hivi. Kwenye vumbi jekundu la Newala au Tandahimba punguza ifike nane.

Hatua ya pili: mshikano wa pinioni na gia kubwa

Hapa ndipo magari mengi yanapofia, nitakaa kidogo.

Kwanza hakikisha gia mbili zina meno ya kipimo kimoja. Kuna za pichi 48, zenye meno membamba, kuna za pichi 32, na kuna zinazopimwa kwa moduli, 0.8 au 1. Pichi 48 na pichi 32 hazikai pamoja hata kwa kulazimisha. Mtego uko kwenye vipimo vinavyokaribiana, maana macho yanadanganyika. Mimi niliuziwa pinioni ya namna hiyo, muuzaji akaapa ni ileile. Ilizunguka vizuri mkononi. Barabarani ilikula gia kubwa ndani ya betri mbili. Kwa hiyo soma maandishi yaliyochongwa kwenye gia, kama hayapo muulize mwenye duka kipimo, akisema "zote sawa tu bwana" rudisha pesa mfukoni.

Pili, angalia skrubu ya pinioni. Kipande cha mota kinachochomoza kina upande mmoja uliosawazishwa, na skrubu ikae juu ya ubapa huo, si kwenye mviringo. Weka tone dogo la gundi ya bluu, chuma kwa chuma. Usiweke gundi hiyo kwenye skrubu inayoingia kwenye plastiki, huipasua. Sukuma pinioni mpaka meno yake yote yakae ndani ya upana wa gia kubwa. Ikishika nusu, itakula nusu.

Tatu, mshikano wenyewe. Legeza skrubu mbili za mota kiasi mota isogee kwa kuisukuma. Kata ukanda wa karatasi ya daftari, upana wa kidole kimoja. Ulishe kati ya pinioni na gia kubwa kwa kuzungusha gia, sukuma mota ishike karatasi, kaza skrubu ukiwa umeishikilia. Kisha zungusha karatasi itoke. Iangalie kwenye mwanga: iwe imekunjwa mikunjo iliyo sawa kama feni ya karatasi, isiwe imechanika. Imechanika, umebana. Imetoka karibu haina alama, umelegeza.

Watu wengi huishia hapo, na ndipo kosa lilipo. Gia za plastiki hazijaviringika kikamilifu. Shika pinioni isizunguke, chezesha gia kubwa mbele na nyuma kwa ncha ya kidole: pawe na "tik" ndogo mno, ya kusikia kuliko kuona. Zungusha gia kubwa robo, jaribu tena. Robo nyingine. Kuna mahali ile "tik" itapotea. Hapo ndipo pagumu, na hapo ndipo pa kupimia karatasi upya. Sehemu nyingine zikilegea kidogo haidhuru.

Mshikano mkali hulia kwa sauti nyembamba ya juu, mota inapata moto, beringi zake zinakufa mapema. Mshikano uliolegea hukwaruza na kugonga, hasa ukiachia na kubana triga ghafla, halafu unanyoa meno. Kati ya mabaya hayo mawili mimi huogopa zaidi ulegevu kwa gia ya plastiki, na ukali kwa mota.

Mwisho, skrubu za mota zenyewe. Hizo ndizo zilizoliua lile gari la mpwa wangu. Gundi ya bluu, kaza, na kila ukimaliza kuendesha zijaribu kwa spana.

Usipake grisi kwenye gia hizi mbili za wazi. Najua inaonekana kama kuzikosesha haki. Lakini grisi na mchanga wa Shangani vikikutana unapata unga wa kunolea visu. Gia ya plastiki na pinioni ya chuma huendeshwa kavu.

Hatua ya tatu: uwiano, yaani nguvu au spidi

Gawanya meno ya gia kubwa kwa meno ya pinioni, zidisha na uwiano wa ndani wa gari, ambao umeandikwa kwenye kitabu chake. Tuseme gia kubwa ina meno 86, pinioni 20, uwiano wa ndani ni 2.6. Hiyo ni 4.3 mara 2.6, karibu 11.2. Mota itazunguka mara 11.2 ili tairi lizunguke mara moja. Ukiweka pinioni ya 18 unapata 12.4: mwendo wa juu unapungua, nguvu ya kuondoka inaongezeka, mota inapumua.

Kwenye lami ya uwanja wa shule pinioni ya 20 inatosha. Mchangani tairi linazama na mota inafanya kazi kama mtu anayesukuma baiskeli yenye gunia la korosho, kwa hiyo shuka meno mawili. Badilisha jino moja moja, endesha dakika tatu hadi tano, simamisha, gusa mota. Kama huwezi kuacha kidole juu yake kwa sekunde tatu, ni moto. Mwenye kipima joto aizuie isizidi nyuzi 80. Tone la maji likichemka juu yake umeshachelewa.

Hatua ya nne: klachi ya kuteleza

Ni nati yenye springi kwenye ekseli ya gia kubwa. Kazi yake ni kuteleza kidogo pale gari linapotua kutoka kwenye ruko huku mota inazunguka, ili mshtuko usiende kwenye meno. Ikazwe hadi springi ibane kabisa, kisha irudishe nusu mzunguko kwa mara ya kwanza. Weka gari ardhini penye mshiko, bana triga yote kwa mpigo. Unataka usikie mvumo mfupi wa kuteleza kwa sentimita 30 hadi 60, kisha gari lishike liondoke. Likivuma mita nzima, kaza robo. Lisipovuma kabisa, legeza robo. Ikinuka kama klachi ya daladala kwenye mlima, simama, umeichoma.

Hatua ya tano: difu

Difu ikiwa inavuja utaona matope meusi kwenye vikombe vyake, maana oili inavuta vumbi. Itoe, ifute kwa brashi ya petroli kabla ya kuifungua, la sivyo mchanga wote wa nje utaingia ndani.

Fungua skrubu nne, toa gia ndogo za ndani na vipini vyake vya msalaba, futa kwa karatasi safi. Angalia raba za mviringo kwenye mashimo ya vikombe. Zikiwa zimekatika au ngumu, badilisha, na paka mpya oili kidogo kabla ya kuzipachika. Rudisha kila kitu, simamisha difu wima, mimina oili ya silikoni mpaka ifunike msalaba tu. Usijaze hadi mdomo. Oili hupanuka ikipata joto, na isipokuwa na nafasi itatafuta njia kupitia raba zako mpya. Iache ikae, kwa oili nzito hata nusu saa, mapovu yapande. Funga skrubu kwa msalaba, moja kisha inayotazamana nayo, kwa zamu.

Unene wa oili hizi huandikwa kwa namba. Gari la magurudumu manne la 1/10, anza na 7,000 mbele na 5,000 nyuma. Ukiongeza unene mbele, gari linatulia unapoachia triga na linavuta vizuri unapobana kwenye kona. Ukipunguza nyuma, matairi ya nyuma yanashika zaidi kona. Ukizidisha unene nyuma, mkia utapenda kuzunguka. Kama una difu ya katikati na matairi ya mbele yanazunguka bure na kuvimba kila ukiondoka, ongeza unene hapo katikati.

Kuna fundi aliniambia niweke oili ya gia ya pikipiki, kwani oili ni oili. Sivyo. Ile ya SAE 90, ukiipima kwa namba hizi hizi, haifiki hata 1,000. Utakuwa umeweka maji. Na mafuta ya nazi, ambayo huku tunayo ya kumwaga, usiyatie mahali popote kwenye gari. Miezi ya kipupwe, Juni na Julai, yanaganda asubuhi, na yakikaa muda yanaharibika.

Ndani ya nyumba ya difu kuna pia gia kubwa ya krauni inayoshikana na pinioni ya propela. Hiyo imefungwa, kwa hiyo ipake grisi ya kutosha kwenye meno. Ikiwa inagonga, ongeza wosha nyembamba upande wa difu unaoisukuma krauni ikaribie pinioni yake. Wosha moja, funga, zungusha kwa mkono. Ikikaza popote, umezidisha.

Hatua ya sita: beringi na shafti

Saizi mbili zinazotawala 1/10 ni 5x11x4 na 10x15x4. Pima kwa rula kabla ya kuagiza. Chomoa beringi, ing'oe kifuniko chake cha raba kwa ncha ya sindano kutokea ukingo wa ndani, usipinde. Itumbukize kwenye petroli, izungushe humo, rudia hadi petroli ibaki safi. Ikauke kabisa kivulini, mbali na moto na sigara. Tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, rudisha kifuniko. Beringi iliyosafishwa ikiendelea kukwaruza, haiponi, itupe.

Shafti: chomoa, futa, angalia kipini kwenye kiungio. Kikiwa kimelika upande mmoja kigeuze, pande zote mbili zikiwa zimelika nunua kingine. Ile skrubu ndogo inayokizuia ipate gundi ya bluu, maana kipini kikitoka kwenye mwendo kinapotea mchangani na hutakipata hata kwa sumaku. Kwenye vikombe weka mguso wa grisi kama wa kupaka mdomo, si zaidi.

Bahari

Maji yakikupwa, mchanga wa ufukweni unakuwa mgumu kama lami na kila mwenye gari anatamani. Sikukatazi, maana hata mimi nilishindwa kujizuia pale Msangamkuu. Ila ukirudi nyumbani siku hiyohiyo, si kesho: chomoa betri, toa kila kinachotumia umeme au kifunike, pitisha brashi yenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwenye shafti, vikombe na nati, kausha kwa kitambaa, toa beringi zote zilizo nje na uzifanyie kama hatua ya sita. Asubuhi inayofuata beringi iliyokaa na chumvi usiku mzima ina rangi ya chungwa.

Ukienda kwa fundi tairi kupuliza upepo, usielekeze mpira kwenye beringi moja kwa moja. Inazunguka kwa mlio mzuri sana, na wakati huohuo unausukuma mchanga uingie ndani. Brashi kavu kwanza, upepo kwa mbali baadaye.

Kurudisha barabarani

Ukishafunga kila kitu, usibane triga yote. Inua gari, betri imechomekwa, triga robo, sikiliza. Liweke chini, tembeza dakika mbili kwa mwendo wa kutembea. Simamisha, chomoa betri, gusa mota, jaribu skrubu za mota, tazama kama kuna unga mpya karibu na gia kubwa. Ukiuona mweupe, rudi hatua ya pili.

Mpwa wangu sasa hufanya haya peke yake. Juzi alinipigia simu saa mbili usiku: "Mjomba, ile tik nimeikosa sehemu moja, nyingine ipo." Nikamuuliza kapimia karatasi wapi. Kimya kidogo, halafu nikasikia gia inazungushwa upande wa pili wa simu.